Maita ya Inchi 10: Angalia Kinga na Breki Kabla ya Wati

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni karakana yangu ya uani, hapa Langoni, Lamu. Leo iko mezani ile mashine mliyoniuliza sana: msumeno wa pembe, maita kwa lugha ya mafundi. Hii ni ya inchi 10, wati 1,800. Meza yake inazunguka kulia na kushoto, kichwa, yaani sehemu yenye mota na bledi (sahani ya meno), kinalala upande wa kushoto tu, na haina reli za kuvuta. Chapa nimeiziba kwa tepu kwa sababu hakuna aliyenilipa, na pia kwa sababu mashine za daraja hili zinafanana kama mapacha, rangi tu ndiyo inayobadilika.

Nianze na hukumu. Kwa fremu za vioo, miimo ya milango midogo na kazi za nyumbani, inatosha, nguvu inazo. Lakini kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa wati na laser, na hivyo ndivyo vitu vya mwisho kuangalia. Kinachoamua kama utamaliza kazi na vidole vyako vyote ni vile vilivyo karibu na mkono wako wa kushoto.

Sogeza kamera, mwanangu. Hapo, usitikise. Mnaiona hii plastiki inayofunika meno? Hiyo ndiyo kinga. Nikishusha kichwa, inajikunja kurudi nyuma. Nikikiinua, inafunika tena. Nashusha, nainua. Imefunika meno yote kabla kichwa hakijatulia juu, bila kusukumwa. Ukienda dukani fanya jaribio hili hili, plagi ikiwa nje, tena fanya polepole, maana ukiibamiza kwa nguvu hutaona inakokwama. Springi ikiwa legevu leo, vumbi la mbao litaimaliza kesho. Na sisi watu wa kisiwani tuna adui mwingine, chumvi. Pini na springi zinashika kutu hata mashine ikiwa imelala tu. Mimi nikimaliza kazi natoa plagi, napuliza vumbi, nafuta chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Plastiki ya kinga naifuta kwa kitambaa kikavu ili nione ninapokata.

Sasa breki. Vaeni vizibo vya masikio kama mko karibu. Nawasha... subiri ishike kasi... naachia swichi. Moja, mbili, tatu, imesimama. Safi sana. Ile isiyo na breki inazidi kuzunguka huku kelele imepungua, na hapo ndipo mtu ananyoosha mkono kuokota kipande. Kibandiko hapa kinasema mizunguko 4,800 kwa dakika. Kwa bledi ya inchi 10, ncha ya jino inakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde moja. Hakuna mwenye wepesi wa kukimbiza kidole mbele ya hiyo.

Ukuta wa nyuma, wenyewe wanaita fensi. Hapa nina lawama. Meza ilikuwa imejifunga kwenye sifuri, mshale unasema sifuri, lakini guniya, kile kipimo cha kona ya mraba, ilionyesha bledi imekwenda nusu digrii pembeni. Utasema nusu digrii ni nini. Fremu ina kona nne, kila kona ina mikato miwili, jumla mikato minane. Nusu digrii mara nane ni digrii nne, na zote zinakungoja kwenye kona ya mwisho, ndipo unaona upenyo unaoingiza kucha. Watu wengi hapo wanaanza kulazimisha: wanashika kipande kidogo kwa vidole wakikwangue unywele mmoja. Kwa hiyo ukuta uliopinda si ubaya wa kazi tu, ni hatari. Dawa yake ni rahisi. Toa plagi, shusha kichwa, legeza bolti za ukuta, weka guniya ukutani na ubavuni mwa bledi. Narudia, ubavuni, kwenye bamba lenyewe, usiegemeze kwenye jino kwa sababu meno yametokeza nje ya bamba. Sogeza mpaka mwanga usipite, kisha kaza.

Klampu iliyokuja nayo, kibano cha kushikia ubao, ni ya kawaida, inashika. Itumieni, jamani. Mafundi tuna kiburi na klampu.

Tukate sasa. Nasimama pembeni kidogo, uso wangu hauko kwenye mstari wa bledi. Ubao umelala mezani na umeegemea ukuta kote, hakuna mwanya. Ubao ukiwa umepinda kama ulivyo huu, sehemu iliyobinuka nje ndiyo iguse ukuta. Ukiugeuza, utakaa juu ya ombwe, na bledi ikifika katikati ubao unajifunga na kubana meno. Mkono wa kushoto uko sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye bledi, na hausogei mpaka bledi isimame. Usipishanishe mikono, wa kushoto ukaja kulia. Kipande kikiwa kifupi hata mkono hauwezi kukaa mbali hivyo, basi si kazi ya mkono tena, ni kazi ya klampu, au kata kutoka kwenye ubao mrefu.

Nawasha. Haigusi mbao bado. Imeshika kasi kamili, sasa nashusha, sisukumi, naiacha ikate yenyewe. Imepita. Sasa tazameni: naachia swichi kichwa kikiwa chini bado, nangoja isimame, ndipo nainua. Ukiinua huku inazunguka, kile kipande kilichokatika kinanaswa na meno na kurushwa. Ndiyo maana pia ukiweka kizuizi cha kukatia vipimo sawa, kiweke upande mmoja tu na upande wa pili uwe huru. Kipande kilichobanwa kati ya kizuizi na bledi hakina pa kwenda ila usoni kwako.

Naona tu wengi wenu mnafanya kazi na mbao za jahazi kuukuu, wageni wa Shela wanazipenda kwa fremu na meza. Mimi pia nazipenda, zina rangi ambayo vanishi haiwezi kuiga. Lakini jahazi ni misumari. Huu ubao nimeutoa mbavuni mwa chombo, kwa juu ni mbao tupu. Leta kamera karibu. Mnaona hili doa jeusi, kama wino uliomwagika, dogo kuliko punje ya mtama? Hiyo ni kutu iliyovuja kutoka kwenye msumari uliozama, kichwa chake kilishakatika zamani. Napitisha sumaku... sikia, imeng'ang'ania. Basi hapa hapakatwi. Jino la bledi ni kabaidi, gumu lakini linavunjika, na likikutana na chuma linatoka kama risasi. Pitisha sumaku pande zote nne, chimbua msumari kwa patasi au hamisha mkato. Na ile pamba ya kalafati, ya kuziba maji, iliyobaki kwenye viungo iondoe yote, inajizungusha kwenye meno.

Mbambakofi ni mgumu, unataka bledi kali na mkono usio na haraka. Mvule nao wakati mwingine una vijiwe ndani yake, chokaa iliyojikusanya mti ukiwa hai, na vinaua makali. Vumbi la mvule linawasha pua na ngozi, kwa hivyo barakoa, si ncha ya kilemba. Mfuko wa vumbi wa mashine hii unashika nusu, nyingine mnaiona sakafuni.

Bledi iliyokuja nayo ni ya meno 24. Kwa kukata boriti za paa sawa, kwa fremu itachana. Nimeweka ya meno 60, na muhimu zaidi, meno yake yamelala nyuma kidogo. Bledi ya msumeno wa meza ya kupasulia ina meno yaliyoinama mbele, ukiifunga hapa inavuta ubao na kichwa kinakurupuka kushuka chenyewe. Tundu la katikati liingie sawasawa, na kasi iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya kasi ya mashine. Bolti ya bledi kwenye mashine nyingi hizi inafunguka kinyume, kwa hiyo usijipige moyo konde ukazidi kuikaza ukidhani unaifungua. Mshale wa bledi ufuate mshale wa kinga.

Haya, sehemu niliyoingojea. Mkato wa pembe mbili kwa mpigo. Fremu iliyolala ni meza digrii 45, kichwa kimesimama wima. Sanduku la kuta zilizosimama ni meza sifuri, kichwa kimelala 45. Lakini chano hiki, kuta zake zimelala nusu njia, digrii 45 kutoka chini. Mtu anadhani aweke 45 na 45. Ukifanya hivyo utapata kuni. Ubao ukiwa umelala mezani, meza inakwenda 35.3 na kichwa kinalala 30. Hesabu haibadiliki chano kiwe kikubwa au kidogo, mradi kona ziwe za mraba. Kwa ile mbao ya urembo ya dari inayouzwa ikiwa na mgongo unaoinama digrii 38 kutoka ukutani, ni meza 31.6 na kichwa 33.9. Viandikeni ukutani kwa penseli, kama mimi pale.

Lakini angalieni kinachotokea kichwa kikilala. Bledi inakuja kushoto, na mota nayo imebadilisha mahali. Ile sentimita 15 mliyoizoea imekwisha. Ukuta wa juu upande wa kushoto inabidi uuvute nje, la sivyo bledi inaukata. Kwa hiyo kila nikibadilisha pembe, natoa plagi, nashusha kichwa mpaka chini na kuangalia kinachogusana na nini: klampu, ukuta, vidole. Ndipo nachomeka. Ubao ukiwa mrefu nauwekea kibao cha kuubeba mwisho, ili nisiwe nautegemeza kwa goti.

Umeme. Wati 1,800 kwa volti zetu 240 ni ampea saba na nusu, soketi ya 13 inabeba. Tatizo ni ekstensheni nyembamba iliyotoka chumba cha pili, tena imeviringwa kwenye gurudumu lake. Inapata joto, mota inapata umeme hafifu, inanguruma bila nguvu. Ifungueni yote, na waya uwe mnene. Kama ndugu amekuletea mashine kutoka Marekani, soma kibandiko: ya volti 120 itaungua hapa. Umeme ukikatika katikati ya mkato, achia swichi hapo hapo na toa plagi, kwa sababu ukirudi huku umeshikilia, mashine inaamka nawe.

Mavazi nasema upesi: miwani ya kinga, vizibo vya masikio, mikono ya kanzu ikunjwe juu ya kiwiko, kikoi kifungwe vizuri au uvae suruali. Kina dada, ncha za mtandio ziingizwe ndani. Glavu hapana, jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono mzima.

Laser? Ilikuwa imekwenda milimita mbili pembeni na kwenye jua la uani haionekani. Nimeizima. Nashusha bledi iliyosimama mpaka jino liguse alama ya penseli, naona vizuri zaidi.

Kwa wanaotafuta iliyotumika, zinapatikana, na nyingine ni bora kuliko hii mpya. Sikiliza mota, tikisa kichwa kushoto na kulia uone kama kinacheza, kagua waya pale unapoingia kwenye mpini. Halafu tazama kinga. Mafundi wengine huifunga juu kwa waya au kuivunja kabisa ili waone mstari. Ukikuta imefungwa, fungua uone kama springi bado inafanya kazi. Ikiwa haipo na hakuna pa kupata nyingine ya mashine hiyo, usiulize bei.