Darasa la matamshi ya kitabibu, Kikwajuni: mkazo wamepatia, usalama bado

Darasa hili la jioni ni la wauguzi na maafisa tabibu wanaojifunza kutamka maneno ya kitabibu ya Kiingereza. Wengi huingia wakidhani shida ni herufi: p ya pneumonia haisomwi, th ya asthma haisomwi, ch ya tachycardia husomwa k. Mwalimu huyapitia hayo haraka, na ndivyo inavyostahiki, kwani ni ya kukariri tu.

Kazi ipo kwenye mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho bila ya kufikiri, ndiyo maana anaemia hututoka a-ne-MI-a. Maneno ya namna hii yanayoishia -ia hukazwa silabi iliyotangulia hiyo -ia: a-NII-mi-a, nyu-MOU-ni-a, ta-ki-KAA-di-a. Yanayoishia -itis hukazwa AI, kama a-pen-di-SAI-tis. Ya -ectomy hukazwa EK. Zoezi lao ni zuri: andika neno, ligawe, piga kofi kwa kila silabi, la mkazo lilie zaidi, kisha sema bila ya makofi.

Makofi hayo hufichua pia irabu za kuchomeka. Sclerosis ina silabi tatu. Ukisema si-ki-le-ro-si-si zimeshakuwa sita. Stroke ni kofi moja tu, wengi hupiga manne. Vuta s peke yake kwanza, halafu uiunge na zinazofuata. Muda wanaoutumia kufundisha sauti ya th ni wa bure: nani Unguja au Pemba asiyeweza kusema thelathini?

Kasoro kubwa ni kufundisha kumeza irabu kama Waingereza bila ya tahadhari. Hapo hyper- na hypo- hukaribia kuwa sauti moja. Hypoglycaemia ni sukari kushuka, hyperglycaemia ni kupanda. Mgonjwa wa kwanza anahitaji sukari upesi, wa pili huenda akahitaji insulini. Wakati wa kukabidhiana zamu tamka HAI-PA au HAI-POU kwa irabu kamili, lafudhi ya London iache, na utaje kipimo chenyewe. Dysphagia, shida ya kumeza, na dysphasia, shida ya lugha, hutenganishwa na konsonanti moja. Ileum na ilium hazitenganishwi na chochote masikioni. Moja ni utumbo, nyengine mfupa wa nyonga, kwa hiyo taja herufi.

Kijitabu chao hakina alama za mkazo wala rekodi. Nenda na kalamu nyekundu, na uombe ruhusa ya kumrekodi mwalimu kwa simu.