Simu ya kambi: upige au utume meseji?

Kwenye makambi ya dagaa ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, Ziwa Victoria, simu moja ya kikundi huhudumia watu wengi, na ubishi ni uleule.

Kwa gharama, meseji inashinda, mradi uibane ndani ya herufi 160. Ukizidisha inagawanywa na kila kipande kinahesabiwa. Kwa uhakika, inategemea. Mtandao ukisuasua, meseji hupenya pale maongezi yanapokatika, na mwenzako akiwa amezima, inamsubiri. Ila bei ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, haisubiri mtu: anayepiga anapatana papo hapo, anayetuma anabaki kukodolea kioo huku foleni ikinung'unika. Tena jibu likichelewa, simu iko mkononi mwa mwingine, anasoma mambo ya nyumbani kwako. Hilo silipendi kabisa.

Chaji? Kuongea kunaila zaidi.

Kwa hiyo bei na msiba, piga, hoja zako ukiwa umeziandika kwenye karatasi. "Nimefika salama", tuma. Weka jina lako mwanzoni, futa ukimaliza. Asiyejua kusoma apige tu, asilazimishwe kumwambia karani siri zake ili amwandikie.