Zoom au BigBlueButton: mwalimu wa Bukavu achague ipi?

Zoom kila mwanafunzi anaijua, na hilo si jambo dogo. Unatuma kiungo kwenye WhatsApp, darasa linajaa. Ila toleo la bure hukata kipindi baada ya dakika 40, na hapo nusu ya watu bado wanauliza, "Prof, unatusikia?"

BigBlueButton, programu ya madarasa ya mtandaoni, ilianza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, kwa ajili ya kufundishia, na inaonekana: ubao ambao hata wanafunzi huandika, kura za papo hapo, vyumba vya vikundi, tena inaingia ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Hufunguka kwenye kivinjari, hakuna cha kupakua. Kwa mwanafunzi wa Kadutu anayehesabu megabaiti, hiyo ni nafuu. Programu ni ya bure, seva, yaani kompyuta inayoiendesha, siyo. Inataka mashine yenye nguvu, fundi wa kuitunza na umeme usiokatika. Ukiiweka hapa mjini, umeme ukienda, darasa zima linaenda nao. Heri kukodi seva ya nje.

Mwalimu aliye peke yake abaki na Zoom. Idara yenye fundi wake, mimi ningeisukuma kwenye BigBlueButton. Kote kuwili, zima kamera ili kuokoa megabaiti.