Sensa ya temprecha kwa HiAce ya zamani ya kulala safarini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tulikuwa tunamalizia kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu. HiAce ilikuwa imebeba kila kitu: godoro, jiko la gesi, betri ya pili, madumu ya maji. Mshale wa joto ulikuwa katikati kama siku zote. Kisha ukaanza kushuka, taratibu, mpaka ukalala kwenye C. Mke wangu akasema, "Afadhali, injini imepoa." Nami nikaamini. Dakika chache baadaye gari likaisha nguvu, na nilipoinua kiti cha mbele mvuke ukanirudisha nyuma. Hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka na maji yote yamemwagika barabarani. Silinda hedi ilipinda, ikabidi ikachongwe.

Wiki ile ile nikanunua sensa mpya. Pesa ya bure. Ya zamani ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inaning'inia kwenye nafasi tupu bila maji ya kuipasha. Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakikimbia, inasema baridi huku chuma kikiungua. Tangu siku hiyo nimekuwa mkali sana juu ya jambo hili, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenye HiAce kama yangu: umbo la H100, lililoanza kutoka 1989, injini chini ya viti vya mbele. Wengi tumezipata kutoka kwenye utalii, na paa lake la kuinuka, tukazitia kitanda.

Usiseme tu "naomba sensa ya temprecha"

Muuzaji anayejua kazi atakuuliza: ya waya mmoja au ya waya mbili? Hapo ndipo watu wengi hununua kitu kisicho chao.

Ya waya mmoja ni ya geji. Haina waya wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), ethi yake ni mwili wake wenyewe kupitia thredi zilizokaza kwenye injini. Ikiharibika, kinachodanganya ni mshale peke yake. Gari linawaka vizuri na linakwenda vizuri.

Ya waya mbili ni ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Utaikuta kwenye injini za sindano za umeme, kama 2RZ-E ya petroli na 1KZ-TE ya dizeli yenye tabo. Hii haina habari na mshale wako. Ikidanganya, utaona mafuta yanaliwa, moshi mweusi, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, au gari likishapata moto linasumbua kuwaka. Wenye 3L na 5L, ambazo pampu yake ni ya kimakenika, wana mzigo mwepesi zaidi: shida yao kubwa huwa ni ya geji, na kwenye baadhi ya magari ule muda wa hita plagi, zile za kupasha silinda za dizeli, kuwaka asubuhi.

Kuna na ya tatu, swichi ya feni ya umeme, kwa waliofungiwa feni ya aina hiyo. Hiyo haipimi kitu, inafunga na kufungua tu. Feni isipozunguka usikimbilie kubadilisha sensa ya geji.

Pesa ya kwanza iende kwenye maltimita

Ninaiweka mbele ya sensa yoyote, na sitarudi nyuma kwa hilo. Maltimita, kile kipima umeme cha mkononi, ya kawaida inatosha, ilimradi isome omu, yaani ukinzani wa umeme.

Anza na ya waya mmoja. Chomoa soketi yake, washa swichi bila kuwasha injini: mshale ulale kwenye C. Sasa gusisha ule waya kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo ya wati 3 hivi. Mshale upande kwenda H (moto), balbu iwake. Ikitokea hivyo, geji na waya ni vizima na wa kushitakiwa ni sensa. Mshale usipotikisika, basi tatizo liko kwenye waya au dashibodi, na sensa mpya haitakusaidia chochote. Balbu usiiruke: ukigusisha waya moja kwa moja kwenye chuma kwa muda unaweza kuichoma geji.

Angalia pia geji ya mafuta. Zote mbili zikikosea pamoja, tafuta umeme au ethi ya dashibodi. Na kama mshale wa joto unaruka kila ukiwasha taa kubwa, hiyo ni ethi, hiyo ni ethi, usinunue kitu. Kwenye magari yetu ya kulala ugonjwa huu ni wa kila siku. Fundi mmoja amefunga inveta, mwingine friji, mwingine chaji ya betri ya pili, na wote wamebana ethi zao kwenye boliti moja yenye kutu. Gari langu liliponywa na waya mnene mpya kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi, na brashi ya chuma.

Ya waya mbili ipime ukiwa umeifungua. Itie ncha yake kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, pasha polepole, soma omu. Kwa Toyota nyingi za miaka ile tarajia kilo-omu 2 hadi 3 maji yakiwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 yakifika nyuzi 80. Lazima zishuke kwa utulivu kadiri maji yanavyopata moto. Zikiruka au zikisimama njiani, imekwisha. Ya geji nayo huenda kwa mtindo huo huo ila kwa namba ndogo: takriban omu 200 kwenye nyuzi 50, na ishirini hivi ikikaribia 120.

Usitegemee maji yanayochemka kuwa nyuzi 100, ila uwe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Arusha yanachemka kwenye 95 hivi, Nairobi 94. Nimeona watu wakikataa sensa nzima kwa sababu hiyo.

Sensa ya kontroli boksi iliyokatika kabisa ina nafuu. Kompyuta inagundua, inawasha taa ya injini na kuchukua makadirio yake yenyewe ya injini iliyopata moto, yapata nyuzi 80, ili ufike nyumbani. Kwenye H100 utaipata kodi yake, yaani namba ya kosa, kwa kuunganisha matundu ya TE1 na E1 ya soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya na kuhesabu taa inavyopepesa: 22 ndiyo ya joto la maji. Inayoumiza ni ile inayodanganya kidogo, inayosema nyuzi 40 wakati injini iko 85. Taa haiwaki, kodi haiandikwi, na wewe unalipa kituo cha mafuta mwezi hadi mwezi. Hiyo huonekana kwenye sufuria tu.

Sasa sensa zenyewe, kwa mpangilio wangu

*Ya kwanza: jenyuini (halisi ya Toyota) mpya, au Denso.* Denso ni watengenezaji wanaoiuzia Toyota sehemu nyingi za umeme, kwa hiyo mara nyingi unapata kitu kile kile kwenye boksi jingine na kwa bei ya chini. Nenda na namba ya chesesi, usiende na picha ya gari. Injini mbili za HiAce moja zinaweza kuwa na soketi tofauti, na gari la Japani likatofautiana na lililoletwa jipya Afrika. Kwa ya waya mbili sikubali kingine. Kompyuta imefundishwa ile mistari ya omu, na sensa inayokosea kwa nyuzi kumi ni sawa na kubaki na mbovu. Bei yake itakushitua ukiiweka pembeni ya ile isiyo na jina. Ilinganishe na gharama ya kuchonga hedi na gasketi.

Jihadhari na boksi bandia. Mimi hutazama maandishi kwenye mwili wa sensa kuliko kwenye karatasi: yamegongwa safi au yamefifia? Plastiki ya soketi ina kingo laini au ina mabaki ya ukalibu? Kisha naipima omu palepale kaunta ikiwa ya baridi. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

*Ya pili: jenyuini iliyotumika, kutoka kwenye injini ya Japani.* Najua wengi wataiweka chini. Kariakoo, barabara ya Kirinyaga Nairobi, soko la Kisekka Kampala, kote huko zinapatikana sensa zilizofunguliwa kwenye injini zilizokuja na kontena. Sensa hizi ni vitu vigumu, hazina mota wala kitu cha kuzunguka ndani yake, na iliyodumu miaka ishirini mara nyingi ina mingine mbele. Sharti ni moja: ipitie sufuriani kabla ya kufungwa. Omba na kipande cha soketi chenye waya wake. Soketi zetu zimekauka kwa joto la chini ya kiti na huvunjika ukizigusa tu, kwa hiyo kile kipande peke yake kina thamani.

*Ya tatu: mpya ya kampuni nyingine yenye jina.* Kwa geji ya waya mmoja inafaa. Ikitofautiana kidogo, mshale utakaa juu au chini kidogo ya mahali ulipozoea, na ukishaujua huo ndio "katikati" yako mpya. Linganisha urefu wa ncha na thredi na ile ya zamani kabla hujaondoka dukani.

*Ya mwisho: ya mfuko wa nailoni isiyo na jina.* Iache. Nimezipima tatu za rundo moja, kila moja ikasema lake. Hata kama bei ni ya soda mbili, kazi ya kufungua viti, kumwaga kulanti (maji ya rejeta) na kutoa hewa ni ile ile.

Wakati wa kufunga ya waya mmoja, usiizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba. Thredi ndiyo ethi yake, ukiifunika mshale unaweza kusoma baridi. Na baada ya kujaza kulanti, toa hewa vizuri, pua ya gari ikiwa juu kwenye mwinuko na hita ikiwa wazi. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya sensa kinafanya kile kile kilichonipata mimi Karatu.

Kitu ambacho ningenunua kabla ya yote kama ningejua

Kengele ya joto la chuma. Ni sensa ndogo yenye pete, inayobanwa chini ya boliti iliyoingia kwenye silinda hedi, na kisanduku chenye namba na king'ora kwenye dashibodi. Haitegemei maji. Kulanti ikimwagika yote, chuma kitapanda na king'ora kitalia. Isibanwe kwenye boliti za kukazia hedi yenyewe, hizo haziguswi. Chagua boliti ya mabano au ya ndoano ya kunyanyulia injini, iliyo karibu na silinda ya nyuma. Endesha siku mbili tatu kwa mzigo wako wa kawaida, ujue namba yako ya kila siku ni ngapi, kisha weka king'ora nyuzi 8 au 10 juu yake.

Mshale wa Toyota wa miaka ya 90 umetengenezwa kutulia katikati kwa eneo kubwa, kuanzia sabini na kitu hadi karibu mia. Ukiuona unapanda, umeshachelewa. Wenye 1KZ-TE hasa wanajua ninachosema: hedi yake ina sifa ya kupasuka ikichemsha hata mara moja, na hedi mpya ya 1KZ si mzaha.

Geji ya kidijitali ya maji, inayofungwa kwa kiungo cha chuma katikati ya hosi ya juu, naiweka chini ya hiyo kengele. Inasaidia, ila ina udhaifu ule ule wa kutegemea maji, na inaongeza klipu mbili zinazoweza kuvuja. Ukiifunga na sensa yake ni ya waya mmoja, kivalishe kiungo waya wa ethi, kwa sababu kiko katikati ya mpira.

Kisoma kodi cha bluutuuthi kina faida kwa wenye HiAce mpya zaidi, za umbo la H200 kutoka 2004. Kwa H100 usinunue, kodi zake utazisoma kwa kile kipande cha waya. Bunduki ya kupimia joto kwa mbali ni nzuri kuwa nayo, ielekeze kwenye mpira au chuma cheusi kisichong'aa, maana kwenye alumini inayong'aa inasoma chini.

Jambo moja la fundi kabla hujalipa. Ukiambiwa "gari linachemsha, tutoe thamostati" (ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto), kataa. Injini ikikaa baridi muda wote, kontroli boksi inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi, na utarudi dukani kutafuta sensa ambayo haina hatia. Thamostati ina namba ya nyuzi iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82. Nayo itie kwenye sufuria ile ile uone inafunguka lini. Mimi ya kwangu ilikuwa imekwama nusu, na niliinunulia sensa mbili kabla ya kuitazama.