Tuisheni ya kingereza ya jioni, nimemaliza miezi miwili

Jamani kuna watu wananiuliza kama hii tuisheni ya jioni ina maana au tunaliwa hela tu. Nalipa elfu 30 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, na mi nasema inalipa, hasa kwa hili la presenti tensi.

Toka fomu wani naambiwa he, she na it weka s, nakariri, nikifungua mdomo haipo. Huyu ticha hakuanzia kwenye kingereza kabisa. Aliandika ubaoni "mama hupika" na "mama anapika sasa hivi", akauliza tofauti ni nini, darasa zima tukajibu. Akasema basi hupika ndo "cooks", ya kila siku, na ile ya sasa hivi ndo "is cooking". Shida ni kwamba mtaani "anapika" tunaitumia kwa zote mbili, ndo maana ukihamia kingereza unabandika ing kila sehemu. Dukani nlikua nawaambia wateja "I am knowing the price", kumbe know, want, need hizo kwa kawaida hazitaki ing hata kama unamaanisha sasa hivi, ni "I know" basi.

Kwenye s tulikaa wiki nzima na sijutii, go inakua goes, watch inakua watches, carry inakua carries ila play inabaki plays kwasababu kabla ya y kuna irabu, have yenyewe inageuka has. Halafu maswali, aisee hapo ndo nlikua nakosa miaka yote, ukishaweka does ile s imeshabebwa huko, kwahiyo ni "does he work" sio "does he works", na "he doesn't work" hivyohivyo. Can na must nazo hazipokei s kabisa.

Kibaya ni wingi wa watu, tuko kama 40 kwenye chumba kimoja, siku ingine unaondoka hujaongea hata sentensi moja, na matamshi aliyapitia harakaharaka wakati s ya works na ya plays hazisikiki sawa, hiyo ilitaka siku yake. Fotokopi nazo zimefifia, beba daftari uandike mwenyewe, na uwahi kabla ya saa 12 ukae mbele.

Mwezi wa tatu nshalipia, jumatatu tunaanza pasti tensi.