Kompyuta Mpakato ya Kazi Nzito: Ipi Ununue, na kwa Nini Uanze na Chaja

Mtu anayetafuta kompyuta mpakato ya kuchorea majengo kwa programu ya Revit, kuhariri video au kutengenezea ramani huuliza maswali matatu dukani: prosesa gani, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) kiasi gani, na kadi ya michoro ipi. Swali la nne, ambalo ndilo huamua kama hayo matatu yatamfaa, huulizwa na wachache: chaja yake ni ya wati ngapi? Katika mwongozo huu nimezipanga kompyuta za kazi nzito ambazo huuzwa zikiwa zimeshatumika, katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, na nimeipa chaja uzito sawa na mashine yenyewe, kwa sababu nilikwisha kulipa gharama ya kuipuuza.

Kompyuta yangu ya kwanza ya aina hii niliuziwa na duka moja pamoja na chaja ya wati 130, ilhali ilihitaji wati 240. Kwa wiki mbili sikuona tatizo, maana nilikuwa naandika barua na kufungua michoro midogo. Usiku nilipoanza kurenda jengo la ghorofa nne, yaani kuifanya kompyuta itoe picha kamili kutokana na michoro, betri ikawa inashuka huku waya umechomekwa ukutani: asilimia 80, 71, 64. Kisha mashine ikajipunguzia mwendo, na kazi niliyoikadiria dakika arobaini ikanikesha hadi alfajiri. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inanyimwa umeme.

Kwa hiyo, kabla hujawasha chochote, igeuze chaja usome maandishi madogo ya mgongoni, penye neno OUTPUT. Zidisha volti kwa ampea. Volti 19.5 mara ampea 12.3 ni kama wati 240. Volti 20 mara ampea 11.5 ni wati 230. Volti 20 mara ampea 3.25 ni wati 65 tu, nayo ni chaja ya kompyuta ya kawaida ya ofisini hata kama kichwa chake, ile ncha inayochomekwa kwenye mashine, kinaingia barabara. Kuingia kwa kichwa hakuthibitishi lolote. Ipime pia mkononi, kwa kuwa chaja halisi ya wati 230 ni nzito kama kipande cha tofali, na ile iliyoandikwa hivyo lakini ni nyepesi nisingeichukua.

Nafasi ya kwanza naipa Lenovo ThinkPad P53 ya mwaka 2019 pamoja na P15 iliyofuata mwaka 2020. Zote zina nafasi nne za RAM, zinazoweza kufikisha gigabaiti 128, hivyo unaweza kununua yenye 16 leo na kuongeza kazi zikikua. Chaja zake ni za wati 170 au 230, kulingana na kadi ya michoro iliyomo. Kichwa chake cha mstatili kinatumiwa na ThinkPad nyingi, jambo linalorahisisha kupata chaja nyingine pale ya kwanza inapoharibika. Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu chaja ya wati 65 ya ThinkPad ndogo nayo inaingia, na muuzaji asiye makini atakufungia hiyo.

Dell Precision 7540 na 7550 zinafuata kwa karibu sana. Nazo zinabeba hadi gigabaiti 128 za RAM, na zina faida moja ninayoipenda mno: ukizima, ukawasha huku unabonyeza F2, ukurasa wa BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) unaohusu betri unakuonyesha chaja iliyotambuliwa na wati zake, bila kubishana na mtu. Waya wa ukutani wa chaja yake ya wati 240 ni ule ule wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo ukikatika unapatikana popote. Kilichoziweka nafasi ya pili ni kile kipini chembamba kilicho katikati ya kichwa cha chaja. Hicho ndicho kinachopeleka utambulisho wa chaja kwenye mashine. Kikipinda au kukatika, umeme unaendelea kuingia lakini mashine haijui inalishwa na nani, hivyo inakataa kuchaji betri na kushusha mwendo wa prosesa. Kimulike kwa tochi ya simu kabla hujalipa. Tahadhari pia na chaja za HP za zamani, ambazo kichwa chake kinafanana na hiki kwa umbo ilhali utambulisho wake ni mwingine.

HP ZBook 15 G6 na ZBook Fury 15 G7 ni mashine ambazo singemlaumu mtu kuzichagua. Nimeziweka nafasi ya tatu kwa sababu ya chaja tu: kichwa chake chembamba chenye rangi ya buluu kinatumiwa pia na kompyuta ndogo za HP zenye chaja za wati 45 na 65, wakati hizi zinataka wati 150 au 200, na kwa ninavyoona madukani, mara nyingi mashine inakuja bila ya kwake.

Nafasi ya nne ni ya zile nyembamba, kama Dell Precision 5550. Inabebeka vizuri, ila RAM yake inaishia gigabaiti 64, na katika joto la Dar es Salaam wembamba huo unamaanisha mwendo kupungua mapema kazi inapokolea. Chaja yake ni ya wati 130 kupitia USB-C, kiwango kilichopita wati 100 za kanuni ya USB-C ya wakati huo, hivyo chaja ya kampuni nyingine itaipa umeme pungufu. Kanuni mpya ya mwaka 2021 inaruhusu hadi wati 240, lakini ni lazima chaja, waya na kompyuta vyote vitatu viwe vimetengenezwa kwa kanuni hiyo. Kuinunulia mashine ya mwaka 2020 chaja mpya ya wati 240 hakuiongezei nguvu.

Mwisho kabisa ni ThinkPad P14s na HP ZBook Firefly za mwaka 2020. Zina jina la kazi nzito, lakini chaja zake za wati 65 zinakwambia mapema kiasi cha kazi zinachoweza. Zinafaa kwa michoro ya kawaida ya AutoCAD, si kwa kurenda. MacBook Pro ya inchi 16 sikuipanga humu, kwa kuwa Revit haina toleo la macOS. Mhariri wa video aiangalie kwa makini, akikumbuka kwamba RAM yake haiongezwi baadaye.

Ukishachagua, omba nusu saa ya kuijaribu. Chaji ifike walau asilimia 60, fungua kazi yako halisi uliyokwenda nayo kwenye flashi, irende kwa dakika ishirini huku waya umechomekwa, kisha utazame betri. Ikiwa imeshuka, chaja haitoshi, hata ikiwa lebo yake inasema vinginevyo.

Fikiria pia umeme wa nyumbani. Chaja ya wati 240 ikifanya kazi kwa ukamilifu huvuta zaidi ya hapo ukutani, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, kwa hiyo inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ya wati 300 itakuwa karibu na ukomo wake. Tafuta ya wati 500 au zaidi.

Duka likikosa chaja sahihi, uliza kwanza bei yake kwingine, uiondoe kwenye bei ya mashine mbele ya muuzaji, na msipoafikiana uondoke. Mkiafikiana, risiti iandikwe namba ya mashine na wati za chaja, vyote viwili.