NVDA ofisini kwangu Mombasa: uzuri wake, kero zake, na mabatani yasiyokuwa na jina

Wacha nianze na bei manake najua ndilo swali la kwanza: NVDA, programu inayonisomea kompyuta kwa sauti, ni bure. Bure kabisa, si ile bure ya mwezi mmoja alafu inaanza kukudai kadi ya benki. Ukienda kuichukua kwenye tovuti yao inakuomba mchango, ukiwa nazo unatoa, ukiwa huna unaendelea na maisha yako na hakuna kitu utakachofungiwa. Mie sioni, sio kuona kidogo, sioni kabisa, na kazi yangu ni ya klaringi hapa mjini, kujaza makaratasi ya mizigo inayotoka bandarini, kwa hivyo hii kwangu si programu ya kuchezea. Ikinyamaza yenyewe, na kazi imesimama.

Kwa asiyeijua, ni skrini rida ya Windows, inakusomea kwa sauti kilichoko kwenye skrini na wewe unaiendesha kwa kibodi, mausi unaisahau. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akaungana naye rafiki yake James Teh ambaye vilevile haoni. Kabla yao JAWS, skrini rida nyingine ya kulipia, ilikuwepo kitambo, tangu zama za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, kazi ya Mmarekani Ted Henter aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki mpaka ajali ya gari ya 1978 ikamchukua macho. JAWS ni nzuri sikatai, lakini leseni yake ya kudumu ilikuwa inazunguka dola elfu moja, hizo kwa zetu zapita laki, hapo nshalipa chumba Kisauni mwaka mzima. Nani atatoa?

Na lile jambo la kuwa waliotengeneza NVDA wenyewe hawaoni utalihisi kwenye vitu vidogo vidogo. Bonyeza Insert na 1, unaingia kwenye hali ya mazoezi, kila kitufe unachogusa kinakwambia kazi yake bila kufanya chochote, ukimaliza unabonyeza tena Insert na 1 unatoka. Mie hivyo ndivyo nilivyojifunza, nyumbani, usiku, hakuna aliyenishika mkono. Ikikuchosha kelele unagusa Control inanyamaza papo hapo. Na ni nyepesi, laptopu yangu ni ya mtumba na inaibeba bila shida. Unaweza hata kuiweka kwenye flashi ukaenda nayo saiba, ukaichomeka ukafanya mambo yako ukaondoka, ila uangalie, kuna saiba bado ziko na Windows 7 na huko toleo jipya haliendi, kuanzia 2024 wameziacha Windows za zamani, kwa hivyo mie kwenye flashi nabeba na lile la 2023 nikae salama.

Mwendo wa sauti nimeuweka juu. Mtu akipita nyuma yangu hasikii neno, anasikia mvumo tu, na ofisini walipoisikia mara ya kwanza mmoja akauliza kama kile kikomputa kina jini. Sasa nshazoea kuvaa hedfoni sikio moja, la pili naliwacha wazi, manake bosi huita mara moja tu.

Kwenye intaneti ndiyo raha tupu, mradi ukurasa umetengenezwa na mtu mwenye akili zake. Herufi H inakurusha kichwa cha habari hadi kingine, K ni linki, B ni batani, T ni jedwali, Insert na F7 unapata orodha ya linki, vichwa na mabatani. Kwa hivyo habari ndefu mie naipitia haraka kushinda mtu anayesoma kwa macho, sio majigambo, jaribuni. Lakini ukikuta ukurasa ambao vichwa vyake ni maandishi tu yamekuzwa yakatiwa wino mzito, H inakwambia hakuna kichwa hapa, basi unakaa unasikiliza kila kitu kuanzia menyu mpaka matangazo ya sofa.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kusoma karatasi zilizoskaniwa. Bill of lading, zile hati za mizigo ya meli, nyingi zinatufikia kama picha, yaani mtu amepiga skani akatuma, na picha kwa skrini rida ni ukuta. Insert na R (iwe Windows 10 kwenda juu) inasoma maandishi yaliyomo ndani ya ile picha. Haikosi kukosea, sifuri inaisoma O, moja inaisoma I, lakini namba za kontena zina mpango wake: herufi nne, ya nne mara nyingi U, alafu tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kukagua, inatokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Kwa hivyo nikisikia O imeingia sehemu ya tarakimu nshajua ni sifuri, nikiwa na wasiwasi napita herufi kwa herufi, nikibonyeza mara mbili inanitajia kwa majina, Mike, Sierra, na kadhalika. Nimewahi kuikamata namba ambayo aliyeichapa kwa macho yake mawili aliikosea. Hiyo niliisema ofisi nzima isikie.

Sasa tuje kwenye kasheshe.

Zamani za DOS skrini ilikuwa maandishi matupu, skrini rida inachota herufi inazisoma, basi. Ilipokuja Windows na mapicha yake, yale maandishi yakageuka kuwa rangi zilizochorwa tu, ikabidi programu yenyewe ndiyo iijulishe skrini rida, hapa pana batani, jina lake hili, hali yake hii. Microsoft walitoa njia ya kupitishia habari hizo mwaka 1997, wakaiita Active Accessibility, baadaye ikaja UI Automation. Yaani NVDA haitazami ile ikoni ya disketi ikajua ni ya kuhifadhi. Inangoja kuambiwa. Asipoiambia aliyetengeneza programu, haina la kukwambia na wewe.

Programu ya mizigo tunayotumia ofisini ilitengenezwa na watu wa hapahapa, siwataji. Nilipoifungua nikapiga Tab, kitufe cha kuruka kutoka kitu kimoja hadi kingine, nikasikia "batani". Tab tena, "batani". "Batani", "batani", "batani", mpaka mwisho wa mstari alafu inaanza upya. Ni kuingia duka la dawa ukakuta chupa zote zimebanduliwa karatasi, na moja ya chupa hizo ilikuwa ya kufuta faili bila kuuliza, hiyo niliijua kwa ukelele wa dada wa meza ya pili. Nikawa nahesabu, ya tatu ni faili jipya, ya sita ni kutafuta, na wakiongeza batani moja katikati hesabu yote imeharibika.

Siku kijana wao alikuja kurekebisha printa nikamkalisha.

"Kakangu, nakuomba jambo moja, nifungulie faili jipya, lakini skrini naizima." NVDA ina kitu wanakiita pazia, skrini inakuwa nyeusi tii.

Akacheka. "Sasa ntaonaje, ami?"

"Ndiyo hapo sasa."

Akavaa hedfoni, Tab, Tab, Tab, akatulia, akarudi nyuma, akapotea. "Aa, hii haiendi." Sikumwambia kitu. Akafungua kodi yake, yaani maandishi yanayounda programu, na kumbe kwenye ile orodha ya sifa za kila batani kuna mahali pameandikwa AccessibleName, pako pale siku zote, na pote patupu. Akaanza kujaza: Faili jipya, Hifadhi, Tafuta kontena, Futa. Akashika na TabIndex, ule mpangilio wa Tab, manake kasa, alama ya pale unapoandika, ilikuwa inaruka, unatoka namba ya kontena unatupwa kwenye simu ya mteja alafu unarudishwa juu kwenye jina la meli. Tulianza baada ya swala ya adhuhuri, adhana ya alasiri haikutukuta. Miezi yote ile mie nahesabu mabatani, dawa yake ilikuwa mchana mmoja wa mtu aliyekaa.

Palikuwa na kiduara pia, kinakuwa kijani mzigo ukiruhusiwa, chekundu ukizuiliwa, na kwangu NVDA ilisema "picha" na hakuna zaidi. Nikamwambia aweke neno pembeni. Alipoweka, bwana wa hesabu akatoka kwenye kona yake akasema alhamdulillahi, kumbe nyekundu na kijani kwake zinafanana, miaka yote alikuwa anamuuliza dada kwa kisingizio cha miwani. Walahi sote hatukujua. Ile miongozo ya WCAG, ya kutengeneza kurasa ambazo hata wenye ulemavu watazitumia, imelisema jambo hili tangu mwanzo, usiwache rangi peke yake ibebe habari, na Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 54 inataja haki ya mtu mwenye ulemavu kupata vifaa vya kumtoa kwenye vikwazo vyake. Bosi nilimsomea hicho kifungu, akasema ni kizuri, akauliza ile faili ya mchele imefika wapi.

Alafu likaja toleo jipya, ikoni zimepambwa, kila mtu anasifu, mie napiga Tab nasikia nini? "Batani." Wamechora upya, majina hawakuyahamisha. Kijana akaitwa tena, akajaza tena, na safari hii ameniahidi kila toleo nitalipitia mie kabla halijatoka. Kwa malipo? Hapo bado tunazungumza.

NVDA yenyewe nayo ina lawama, na kubwa ni Kiswahili. Inakuja na eSpeak, programu ya kutoa sauti, ambayo Kiswahili ipo, lakini ni sauti ya bati, na ikikutana na Kiingereza inakisoma kwa silabi zetu, "save" inakuwa sa-ve, "file" fi-le. Ukiweka sauti ya Kiingereza ndiyo balaa, majina ya watu wa Kwale na Lamu yanachinjwa. Inaweza kujibadilisha yenyewe, lakini ukurasa lazima useme ndani yake kwamba lugha ni sw, yaani Kiswahili, na kurasa nyingi za Kiswahili ninazofungua zimeandikwa en, yaani Kiingereza, kwa sababu mtengenezaji alinakili kiolezo akawacha vilevile. Simu yangu ya Android inanisomea Kiswahili vizuri kuliko laptopu, hilo linaniuma.

Nyota nimeipa nne, ya tano nimeikata kwa hiyo sauti. Programu ya ofisi tangu ipate majina naipa tatu, manake bado kuna lile jedwali kubwa la mizigo, limechorwa kwa mkono na halisemi neno, Tab inalipita kana kwamba halipo. Kwa sasa dada ananitolea kwenye Excel kila asubuhi, huko NVDA inataja kila seli na kichwa chake, nafanya kazi yangu yote huko alafu narudisha. Kijana anasema jedwali hilo walilinunua kwa watu wengine, kodi si yake, ashawaandikia.